Fundi aliyebahatisha akapatia, ana dhambi?

MAFUNDI wawili wameletewa magari mawili yenye ugonjwa mmoja. Injini inazimika ghafla barabarani, ikipoa inawaka, ikipata moto inazimika tena. Fundi wa kwanza akachomeka mashine ya kupimia, akasoma namba iliyotokea, akaagiza sensa mpya, akaifunga na gari likapona. Kazi ya nusu saa. Fundi wa pili akasoma namba ile ile, akakaa saa mbili akipima waya mmoja baada ya mwingine, akafikia uamuzi kuwa sensa ndiyo mbovu, akaibadilisha, na baada ya siku mbili gari likarudi likivutwa kwa kamba. Swali langu wiki hii ni hili: kati ya wawili hawa, nani aliyemtendea haki mteja wake na nani aliyemdhulumu?

Jibu la haraka nalijua, kwani ndilo nililopewa barazani baada ya swala ya Isha nilipowauliza wenzangu. Aliyeponya gari ndiye fundi, yule mwingine ni mbabaishaji. Mimi nasema sivyo. Lakini kabla hatujafika kwenye hukumu ni lazima tukifahamu kifaa chenyewe, maana mtu hawezi kukihukumu kitu asichokijua kilivyo.

Sensa ninazozizungumzia (si ile ya kuhesabu watu) ni mbili. Ya kwanza hukaa karibu na krenkishafti, ule mhimili mzito wa chini ya injini ambao pistoni zote huusukuma. Ya pili hukaa karibu na kamshafti, mhimili wa juu unaofungua na kufunga valvu. Kila mhimili una kigurudumu chenye meno. Meno yakipita mbele ya sensa, sensa hutoa mapigo ya umeme na kompyuta ya gari huyahesabu. Kwenye gurudumu la krenki kuna mahali meno yameachwa kwa makusudi: Toyota nyingi tunazoendesha mjini gurudumu hilo limegawanywa sehemu 36 na meno mawili hayapo, na magari mengi ya Ulaya limegawanywa sehemu 60, nayo mawili hayapo. Lile pengo likipita, kompyuta inajua kuwa mzunguko umeanza upya.

Sasa, krenkishafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Kwa hiyo sensa ya krenki peke yake inaweza kusema kuwa pistoni imefika juu, lakini haiwezi kusema kama imepanda kubana mchanganyiko wa hewa na mafuta au imepanda kutoa moshi. Hilo husemwa na sensa ya kamshafti. Kompyuta hungoja kauli za hawa wawili ndipo ijue lini ipige cheche kwenye plagi na lini ifungue nozeli. Ikikosa kauli ya krenki, injini nyingi huzimika hapo hapo. Ikikosa ya kamshafti, mara nyingi gari huendelea kutembea, ila kuliwasha ni shida na nguvu hupungua. Ni mashahidi wawili, na kama ilivyo kwa mashahidi, kazi yao ni kueleza walichokiona. Hukumu si yao.

Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Marekani ililazimisha magari ya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo wa kujipima unaoitwa OBD-II, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Tangu hapo namba za hitilafu zimekuwa na lugha moja, na mashine ndogo ya kuzisoma imekuwa kitu cha kununuliwa na kila mwenye gereji, hata ya chini ya mwembe. Mashine ikiandika P0335 fundi anasema, "Sensa ya krenki imekufa." Ikiandika P0340 anasema, "Sensa ya kamshafti imekufa." Lakini hayo siyo yaliyoandikwa. P0335 maana yake ni kwamba kuna hitilafu katika mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, na P0340 ni vivyo hivyo kwa kamshafti. Na mzunguko si sensa peke yake. Ndani yake zimo waya, soketi, ethi, na kompyuta yenyewe upande wa pili. Ipo pia P0016, isemayo kuwa kauli za krenki na kamshafti hazipatani. Namba hii mara nyingi inatokana na mkanda wa taimingi kuruka jino au cheni kurefuka, na mashahidi wote wawili huwa wamesema kweli tupu. Nimeona mtu akiuziwa sensa zote mbili kwa sababu ya namba hiyo.

Tumezoea kuisoma aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuhakikisha habari inapoletwa na fasiki, kama vile inahusu uvumi na siasa tu. Mashine si fasiki, haisemi uongo. Lakini tazama sababu iliyotajwa ndani ya aya hiyo: tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta kwa tuliyoyafanya. Sababu hiyo iko hai hata pale mleta habari anapokuwa mkweli na msikiaji akawa ndiye aliyesikia zaidi ya alichoambiwa.

Na madhara yenyewe si ya kufikirika. Jirani yangu ni dereva wa teksi, gari si lake, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye mali. Gari lilipoanza kumzimikia kwenye mataa alilipeleka gereji moja mjini. Akabadilishiwa sensa ya krenki kwa fedha aliyokopa kwenye kikundi chao. Siku tatu baadaye likazima tena, akabadilishiwa ya kamshafti. Likazima tena, akaambiwa ile sensa ya kwanza ilikuwa feki, anunue nyingine. Wiki mbili hana hesabu, mwenye gari anamtilia shaka, na mtaani wakaanza kumwambia gari limefanyiwa kijicho (hatuna ugonjwa tusioutafutia jini). Mwishowe fundi mwingine alifuata waya wa sensa kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta na akakuta mahali ulipochubuka, karibu na bomba la moshi. Injini ikipata moto na kutikisika, waya unagusa chuma. Matengenezo yake yalikuwa kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na tepu. Jirani yangu aliporudi kwa fundi wa kwanza kudai, alijibiwa kwa maneno matatu: "Mashine ndiyo iliyosema."

Kama kuna neno linalopaswa kutushughulisha Waislamu wa mjini, ni hilo. Mtu anakula fedha ya mtu kwa ushahidi ambao hakuuhoji, na anapoulizwa anamtupia lawama shahidi.

Kwani kuhoji kwenyewe ni kugumu kiasi gani? Fundi mmoja mtu mzima, anayefanya kazi hii tangu enzi za magari yasiyo na kompyuta, alinieleza. Kwanza, anasema, muulize mwenye gari: linazima likiwa la moto au hata la baridi, mvua ikinyesha au jua likiwaka? Sensa nyingi huchoka kwa joto, ndani yake waya mwembamba kama unywele hukatika ukitanuka na hushikana tena ukipoa. Kisha piga selfu ukiangalia mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Katika magari mengi, ukilala kabisa bila kutikisika, kauli ya krenki haifiki. Kisha angalia betri, kwa kuwa sensa ya sumaku hutoa umeme kulingana na kasi ya mzunguko, na selfu ikizungusha injini kichovu, sensa nzima huonekana mbovu. Kisha fungua soketi utazame kutu na mafuta, tikisa waya injini ikiwa inaunguruma uone kama itashtuka. Kisha ichomoe sensa utazame ncha yake, maana yenye sumaku hukusanya vumbi la chuma, na kuifuta kwa kitambaa pengine ndiyo dawa yote.

Ndipo mita itoke. Hapa alinionya jambo ambalo, kwa maelezo yake, mafundi vijana wengi hawalijui. Sensa hizi ni za aina mbili. Yenye waya mbili aghalabu ni ya sumaku, hujitengenezea umeme wake, na hiyo unaweza kuipima omu, ikiwa baridi na ikiwa moto, ukalinganisha na kitabu cha gari husika. Yenye waya tatu aghalabu ni ile ya Hall, hupewa umeme na kompyuta, ina waya wa kulishwa, wa ethi na wa kurudisha kauli. Hiyo ukiipima omu utapata namba isiyo na maana, na mtu atakuuzia mpya kwa namba hiyo. Yake ni kuhakikisha kwanza kama umeme unaifikia na ethi ni nzima, kisha kutazama kama kauli inapanda na kushuka injini ikizungushwa. Mwenye osiloskopu atayaona meno yenyewe kwenye kioo, jino kwa jino, pamoja na lile pengo, na jino lililopinda litajitokeza lenyewe. Asiye nayo bado ana mita, macho na masikio. Yote haya ni kazi ya saa moja au mbili, na haihitaji chuo kikuu.

Sasa turudi kwa mafundi wetu wawili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kuwa hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud amewagawa makadhi mafungu matatu, na miongoni mwa wawili wa Motoni yumo aliyewahukumu watu kwa ujinga. Zitazame hadithi hizi mbili kwa pamoja. Aliyekosea baada ya kujitahidi ana ujira. Aliyehukumu bila elimu ana adhabu, na hadithi haikumbagua aliyehukumu kwa ujinga akaangukia kwenye haki. Kosa lake lilikwisha timia kabla matokeo hayajajulikana.

Mwenye kuona kuwa navuta hadithi za mahakama kuzipeleka gereji, basi na achukue mfano wa kibla, ambao kila mmoja wetu anauishi. Mtu yuko ugenini, hajui kibla, na ana uwezo wa kutafuta alama zake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao huu, wanasema ni wajibu ajitahidi kuitafuta. Akiswali bila kujitahidi, swala yake haikusihi, hata ikibainika baadaye kuwa alielekea kibla sawasawa. Uso wake ulikuwa upande wa Makka na bado anarudia. Ama aliyejitahidi akakosea hana dhambi. Lakini akija kupata yakini kuwa alikosea, kauli yenye nguvu kwao ni kwamba airudie swala hiyo.

Kwangu mimi hapo pamefumbuliwa fumbo zima. Kuna mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kuwa moja: dhambi na dhamana. Fundi wa pili, aliyepima saa mbili akakosea, hana dhambi, lakini hilo halimwondolei wajibu wa kulipokea gari lile linapovutwa kwa kamba na kulirudia upya kwa moyo mkunjufu. Fundi wa kwanza hadaiwi kurudia chochote, gari ni zima, mteja ameridhika, na pamoja na hayo ana kesi na Mola wake, kwani alicheza kamari na fedha ya mtu na bahati ikamwangukia. Mcheza kamari akishinda huwa hajatakasika.

Wapo watakaosema nimeikaza dini. Hata tabibu hujaribu dawa, fiqhi yenyewe inakubali kutenda kwa dhana yenye nguvu, na ukingoja yakini hakuna gari litakalotoka gereji. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Kweli, yakini haidaiwi. Kuna magari ambayo njia pekee ya kuwa na hakika ni kufunga sensa nyingine nzima na kuona kitakachotokea, hususan ugonjwa unapokuja na kuondoka. Lakini dhana yenye nguvu ni ile iliyojengwa juu ya dalili, na namba moja ya mashine bila kingine ni dalili changa. Na zaidi ya hapo, kujaribu kunahitaji ruhusa ya mwenye mali. Ibn al-Qayyim, akiieleza hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayomtwisha dhamana mtu anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, alitofautisha kati ya mgonjwa aliyehadaika akadhani yuko mikononi mwa mjuzi na mgonjwa aliyejua hali halisi akaridhia. Wa kwanza hulipwa, wa pili alijitakia. Basi fundi anayemwambia mteja, "Bwana, nimepima hiki na kile, nadhani ni sensa ila sina hakika, tukiifunga na gari lisipone fedha yako imekwenda, unasemaje?" huyo yuko salama hata akikosea mara tatu. Yule wa jirani yangu hakusema "nadhani" hata mara moja. Imam Malik (r.a.), kwa elimu ile aliyokuwa nayo, amepokewa kuwa alijibu maswali mengi kwa kusema hajui. Fundi wetu ana mashine ya mkononi, na neno hilo halimtoki.

Kuna na wale wanaokwenda mbali zaidi. Gari linauzwa, taa ya injini inawaka, fundi anaitwa, anafuta namba kwenye kompyuta na taa inazimika kwa siku kadhaa, kiasi cha mnunuzi kulipa na kuondoka. Hili halina haja ya falsafa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini pamelowa, na alichomwambia mwenye nafaka kila mtoto wa madrasa anakijua. Aliyefuta namba na aliyemtuma wako pamoja chini ya lundo lile.

Lakini nisiwaegemee mafundi peke yao, maana sisi wenye magari ndio tuliowafundisha. Mteja akibadilishiwa kifaa anakishika mkononi, anakigeuza, analipa bila kinyongo. Akiambiwa kuwa fundi amepima saa mbili na kukuta soketi ina kutu, amesafisha, gari ni zima, mteja anakunja uso: "Sasa mbona hujabadilisha kitu? Elfu thelathini ya nini?" Tunalipia chuma, elimu tunataka bure. Muuza spea naye anampa fundi chochote kwa kila mteja anayeletwa, kwa hiyo ujira wa kweli wa fundi umehamia kwenye sensa inayouzwa, na fundi atakayekuta ugonjwa bila kuuza sensa amejikata mkate wake mwenyewe. Mtume (s.a.w.) ametuusia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sioni kwa nini jasho la kufikiri liwe nje ya wasia huo.

Yule fundi mtu mzima niliyemtaja amejaribu. Ameandika kwa chaki kwenye mlango wa kontena lake kuwa kupima kuna malipo yake na kufunga kifaa kuna malipo yake, na kwamba mteja akishapimiwa yuko huru kupeleka jibu kwa fundi yeyote. Nilikaa kwake asubuhi moja. Wateja watatu walisoma maandishi yale, wakauliza, wakacheka, wakavuka barabara kwenda kwa kijana mwenye mashine, anayepima bure. Mmoja wao alikuwa na kanzu nyeupe na mswaki mfukoni, na alinisalimia kwa uchangamfu wakati anapita.